Asubuhi Shangazi Alipoosha Piki ya Baba

Ninyi mtakaosoma karatasi hizi, naanza kwa kuwaomba msamaha. Mwandiko wangu unapanda na kushuka kama barabara za kwetu, na pale nilipokosea herufi nimefuta kwa kidole chenye mate, kwa hiyo mahali pengine karatasi imetoboka. Niliishia darasa la sita. Mbele ya watu sauti yangu ni ndogo, na kalamu nayo naisukuma polepole. Lakini jambo hili nimekaa nalo tangu utotoni, na nimechoka kukaa nalo peke yangu.

Nikisikia harufu ya udongo mbichi iliyochanganyika na petroli, moyo wangu huanza kwenda mbio kabla sijakumbuka sababu. Ilikuwa harufu ya uwanja wetu, Butembo, wakati wa vita, waasi walipokuwa wameushika mji na kila kilima kilikuwa na askari wake. Nyumba yetu ilikuwa mteremkoni, ya udongo na mabati, chini yake kijito, juu yake mstari wa mikaratusi. Asubuhi kulikuwa na ukungu mzito na baridi, hata moshi wa jiko ulitambaa chini kama umekataa kupanda. Katika ukungu ule macho hayakufaa kitu, kwa hiyo tulijifunza kusikiliza. Gari la askari tulilijua tangu mbali. Buti za mpira zilitoa sauti ya kunyonya tope. Mbwa wa jirani akibweka, tuliendelea na kazi. Akinyamaza ghafla, ndipo tulipoogopa. Mama akisikia kitu alikuwa anaweka kiganja juu ya kifuniko cha sufuria ili kisigonge, na sisi watoto tukiona mkono ule umekwenda pale, tuliacha hata kutafuna.

Baba yangu, Kasereka, alikuwa na pikipiki nyekundu ambayo nyumbani tuliiita piki tu. Alipakia juu yake maharagwe na viazi, akateremka nayo hadi Beni, kisha akarudi na madumu ya mafuta ya mawese na samaki wa chumvi. Barabara ilikuwa tope, na kwenye tope palikuwa na vizuizi, tulivyoviita bariere, na kwenye vizuizi palikuwa na watu wenye bunduki ambao mwezi huu waliitwa jina hili na mwezi ujao jina lile. Akiwa safarini, Mama hakuweza kuketi. Alifagia mahali alipokwisha kufagia. Jioni piki ilipopanda kilima, tuliitambua kati ya zote, maana Baba alikuwa amelegeza kipande cha bati karibu na gurudumu la nyuma ili kigongegonge na kuifanya isikike kama kitu kibovu. Tukisikia bati lile, Mama alishusha pumzi na kuwasha taa. Piki ile ndiyo iliyotulisha. Wadogo zangu na mimi tuliketi darasani kwa sababu yake.

Kila Baba aliporudi, kesho yake tuliiosha, yeye na mimi. Mimi nilikuwa mtoto wa kwanza, jina langu Masika, na nadhani alinichagua pia kwa sababu sikuwa na maneno mengi. Siku ya kuosha hakuwa na haraka. Usiku kucha alikuwa ameiacha ipoe kabisa. “Chuma ya moto haipendake maji ya baridi,” aliniambia. “Inapasuka mu ndani na hauone.” Aliiweka kivulini nyuma ya nyumba, kwa sababu juani sabuni hukauka kabla haijasuuzwa na kuacha madoa. Aliziba mdomo wa ekzosi kwa mfuko wa plastiki, akaufunga kwa ukanda wa mpira wa tairi. Akafunga tambara chini ya kiti, pale injini inapovutia hewa, na jingine juu ya buji, ile inayotoa cheche ya kuwashia. Maji hatukuyarusha. Tuliyamwaga kutoka juu kwa kopo, taratibu, tukaacha tope lilowe mpaka lidondoke lenyewe. Sabuni ilikuwa ya kipande, iliyopikwa kwa mawese, na tuliiyeyusha kwenye ndoo. Kitambaa kilikuwa fulana kuukuu ya pamba. Mnyororo ulikuwa na tambara lake, mafuta ya taa yake na mswaki wake uliochakaa, na ole wangu nikipeleka tambara la mnyororo kwenye tangi.

Sisi kwetu sufuria husuguliwa kwa majivu na mchanga hadi ujione uso, na msichana ambaye sufuria zake hazing'ai husemwa mtaa mzima. Mara yangu ya kwanza kuosha piki, mikono ilienda yenyewe kuchota mchanga. Baba aliishika. “Hii hapana sufuria, mama,” alisema. “Muchanga inakula rangi.” Basi nikajifunza kupitisha kitambaa kama mtu anayempangusa mtoto mchanga uso. Mwishoni aliikausha, akafungua vyote alivyoziba, akaiwasha ilie kidogo ili joto limalize unyevu, akatia mafuta kwenye mnyororo, kisha akaisukuma kwa miguu na kuzijaribu breki kabla ya kuziamini.

Hapo ikawa nzuri, nyekundu sana, na mstari mweupe ubavuni mwa tangi. Tuliitazama kidogo tu, sisi wawili, kama watu wanaotazama kitu cha wizi. Halafu tukaificha. Wenye bunduki walizipenda piki nzuri. Mwalimu mmoja wa mtaa wetu alinyang'anywa yake njiani, akauliza kwa nini, na mke wake aliletewa viatu tu. Tangu siku ile Baba alianza kuivika piki udongo. Hakutumia tope la barabarani, lenye mawe madogo. Alichukua ule udongo laini ambao wanawake huusiliba ukutani, akauloweka kwenye chungu, akauchuja kwa kitambaa tena na tena hadi isibaki chembe ya kukwaruza rangi. Ulikuwa mwepesi kama uji. Mimi niliupaka kwa viganja kwenye tangi, taa na mabawa ya magurudumu, kisha Baba alichovya ufagio na kurushia matone, ili uonekane umetoka njiani na si mikononi mwa mtu. Kiti tulikivika gunia lililochanika. Injini, mnyororo na breki hatukuvigusa. Mle ndani mlibaki safi.

Majirani walimcheka. “Kasereka, hiyo piki ulivuna mu shamba gani?” mmoja alimpigia kelele kutoka ng'ambo ya kijito.

“Ngoja iive kwanza, nitakukatia kipande!” Baba alimjibu.

Lakini tukiwa peke yetu hakucheka. “Masika, usiambie mutu,” alisema huku akinawa. “Hata mutu wa damu. Kinywa moja ikijua, kesho kwenye bariere banajua.” Niliitikia kwa kichwa. Usiku nilijibana mdomo kwa mkono, nikiogopa nisije nikaota na kusema.

Katika mvua za mwaka ule, shangazi yangu alifika kutoka Kalunguta kwa miguu. Alikuwa dada mkubwa wa Baba, nasi tulimwita Tantine. Kwao risasi zilikuwa zimelia mashambani siku nyingi, akaacha muhogo ardhini na kuja na jembe, kuku mmoja kikapuni na kitenge alichovaa. Alikuwa mwanamke safi kuliko wote niliowahi kuwaona. Kula bila kufanya kazi kulimuumiza. “Nikae hapa kama mufuko wa chumvi?” alimwambia Mama, na kabla Mama hajajibu, alikuwa amekwisha kushika ufagio. Alisugua sufuria zetu hadi zikawa nyepesi. Alitusugua na sisi. “Mu shingo yako mutu anaweza kupanda maharagi!” alimwambia mdogo wangu, akimkandamiza kwa goti ili asikimbie. Tulicheka sana siku zile za kwanza, hata Mama, ambaye alikuwa amesahau.

Piki tu ndiyo iliyomsumbua. Aliizunguka akiwa ameshika kiuno. “Kasereka,” alisema jioni moja, “unapitaka na hii takataka mbele ya batu? Mutoto wa baba yangu?”

Baba alitabasamu, akakohoa, akauliza kama mvua itanyesha. Hakumwambia, na tangu afike hatukuwa tumeiosha. Haikuwa kwamba hamwamini. Wakati ule mtu hakumwambia mtu kitu. Uliogopa hata kumpa mwenzako neno la kubeba, maana akishikwa ataulizwa.

Jumapili moja Baba na Mama walikwenda misa ya kwanza pamoja na wadogo zangu. Mimi nilikuwa nakohoa, nikaachwa niangalie maharagwe motoni. Nilishuka kijitoni kuchota maji, na nilipokuwa napanda na ndoo kichwani, nilisikia sauti ya kusugua, kru, kru, kru. Nilipotokeza juu, Tantine alikuwa amechuchumaa kando ya piki katikati ya uwanja, kitenge amekikunja mapajani, na mbele yake kibakuli cha majivu na mchanga. Gunia lilikuwa limetupwa. Alikuwa akilisugua tangi kwa nyuzi za mgomba kwa nguvu zake zote, akiimba wimbo wa kanisa, na kila alipomaliza sehemu alichukua ndoo na kuirushia maji kutoka chini, kutoka ubavuni, kutoka kila upande. Hakuna kilichozibwa. Ekzosi ilikuwa wazi kama mdomo wa mtu aliyelala, nayo ilikuwa inakunywa.

“Tantine,” nilisema, “Baba hapendi.”

“Baba yako hapendi nini? Usafi?”

“Piki. Isioshwe.”

“Eh! Tangu lini?” Alicheka na kunirushia matone. “Atafika kutoka kwa Mungu, atapata piki inangaa sawa nyota. Yeye mwenyewe atalia. Wende mu maharagi yako.”

Sikuweza kumwambia zaidi ya hapo, kwa kuwa Baba alikuwa amenifunga kinywa. Niliweka ndoo chini, nikakimbilia nyuma ya nyumba kwenye chungu cha udongo. Ulikuwa umekauka na kupasuka. Nilimimina maji, nikaanza kuukanda kwa vidole, na mashapo yalikuwa bado magumu kama matofali, nami nilikuwa nalia bila sauti huku nikiupondaponda. Ndipo nikasikia mbwa wa jirani amenyamaza. Kisha zile buti, zikinyonya tope, zikishuka kwetu.

Walikuwa askari wachache tu. Wa mbele alikuwa mkubwa wao, mtu mnene aliyevaa sweta ya kufumwa juu ya nguo za jeshi kwa ajili ya baridi, na mkononi ameshika chupa ya chai. Nyuma yake alikuwa kijana aliyevaa miwani ya jua katika ukungu ule. Wengine walibaki njiani. Gari lao lilikuwa limezama kwenye tope huko juu, na mkubwa alitakiwa kufika Beni mchana ule. Hayo aliyaeleza mwenyewe kwa sauti ya upole, kama jirani aliyekuja kuomba moto, na upole wake ulinitisha kuliko bunduki. Alizunguka piki akiigusa kwa kidole kimoja. Ilikuwa inang'aa. Hata katika ukungu ilionekana kama jeraha jipya.

“Nzuri,” alisema. “Ya nani?”

Tantine alisimama, mikono yake myeusi kwa majivu. Uso wake ulikuwa bado na lile tabasamu la kazi, halikuwa limepata muda wa kuondoka.

Wakati ule ule Baba akaingia uwanjani akiwa amevaa shati lake jeupe la misa. Mama alisimama kwenye njia na watoto. Baba aliitazama piki, na nilimwona kwa muda mfupi hakuitambua. Halafu akaitambua.

“Papa, ni yako?” mkubwa aliuliza.

“Ni yangu, afande.”

“Tutaiazima. Leta ufunguo.”

Baba aliutoa mfukoni, akampa kijana wa miwani. Kijana alipanda, akapiga kiki. Piki haikulia. Akapiga tena, na tena, akitukana kwa Kilingala, na kila alipopiga, ekzosi ilitema maji kidogo chini. Alipochoka alishuka, akamwendea Baba na kumpiga kitako cha bunduki begani, Baba akaanguka kwa magoti katika maji ya sabuni.

“Umeifanya nini? Umetusikia tunashuka, ukaiharibu, eh?”

“Sijaiharibu. Natoka misa.”

“Mimi njo niliosha!” Tantine alipiga kelele. “Mimi, mwanangu! Yeye hapana jua kitu!”

“Kanga monoko, mama!” kijana alimwambia, na hata sisi tusiojua Kilingala tulielewa kwamba anatakiwa kufunga mdomo.

Mkubwa aliketi kwenye kinu cha Mama kilichokuwa kimelazwa. Alifungua chupa, akajimiminia chai katika kile kifuniko chake, akaipuliza. “Papa,” alisema, “wewe ni mwenye piki. Piki yako unaijua. Mimi nakunywa hii chai. Nikimaliza na piki inalia, nakwenda na piki. Nikimaliza na hailii, nakwenda na mwenye piki.”

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Wanaume waliopelekwa kule kwenye mikaratusi hawakurudi, na wake zao waliogopa hata kulia kwa sauti. Mama alikuwa ameziba midomo ya wadogo zangu kwa viganja vyake viwili. Baba alitazama chini. Niliyasubiri maneno yake. Mtu aliyeijua piki ile kama alivyowajua watoto wake alikuwa amepiga magoti mbele yake, maji yanatiririka kutoka kwenye ekzosi hadi kwenye suruali yake, naye akasema, “Mimi pia sijui, afande. Ni mashini.” Mkubwa akanywa funda moja.

Sijui nilivyofika pale mbele. Nakumbuka baridi ya tope kati ya vidole vya miguu, na udongo niliokuwa nao mikononi ukidondoka. Nilisema, na hakuna aliyesikia. Nikasema tena, “Maji imeingia mu buji.”

“Kanasema nini, haka?” kijana aliuliza.

“Maji. Mu buji. Na mu hewa.”

Kijana alicheka hadi miwani ikashuka puani. “Mukubwa, tumepata mekaniki wa jupe! Mekaniki hata meno hana!” Jupe ni sketi niliyovaa, na ni kweli, meno yangu ya mbele yalikuwa yametoka.

“Acha afanye,” mkubwa alisema. “Chai iko bado.”

Nilimtazama Baba. Alitikisa kichwa kidogo sana, upande huu na upande ule. Nilidhani ananihurumia, ananiambia nisiogope. Niliinama chini ya kiti, nikatoa ile sponji ya kuchujia hewa, nikaikamua, na maji yakachuruzika kama kutoka kwenye nguo. Nikaikausha kwa sketi yangu. Nikaipangusa kofia ya buji na waya wake. Buji yenyewe ilinishinda kufungua, nguvu sikuwa nazo, basi kijana wa miwani akaifungua yeye kwa spana iliyokuwa chini ya kiti.

“Sasa?” aliniuliza.

“Weka mu makaa.”

Akaenda jikoni. Alilitii neno langu kama mtoto mwenzangu, na hilo nalo lilinitisha. Aliiinamia buji pale motoni, kando ya maharagwe yaliyokuwa yameanza kuungua, na mimi na Tantine tuliinua piki upande wa mbele ili ekzosi imwagike. Nyuma yetu mkubwa alikunywa. Nilijizuia kugeuka, lakini nilimsikia akimeza, na kila alipomeza nilijaribu kukisia kiasi kilichobaki. Kijana akarudi na buji imeshikwa kwa jani la mgomba, ikitoa moshi. Akaifunga. Mkubwa alikitazama kifuniko chake ndani, akakizungushazungusha.

Kiki ya kwanza, piki ilikohoa. Ya pili ikatema maji na moshi mweupe. Halafu ikalia. Ilipolia niliruka kwa furaha, siwezi kuficha, nilipiga makofi kama mjinga, maana ule ulikuwa mlio wa jioni, mlio wa Baba kufika. Niligeuka nimwone amefurahi. Alikuwa amefumba macho.

Mkubwa alimwaga chini chai iliyobaki. Alipanda nyuma ya kijana, akakunja sweta yake vizuri isiguse gurudumu. “Papa,” alisema, “mutoto wako amekununua leo.” Wakapanda kilima, bati likigongagonga nyuma yao, tukalisikia mpaka ukungu ulipolimeza. Piki ile hatukuiona tena.

Baba alibaki amepiga magoti muda mrefu. Mama ndiye aliyemwinua. Baadaye, walipomweleza Tantine kwa nini piki ilivikwa udongo, aliitazama mikono yake. Kwa siku nyingi hakuosha kitu. Sufuria zilibaki na ukoko, uwanja ukajaa majani, naye aliketi nyuma ya nyumba akiwa amefunika kichwa kwa kitenge. Baba alimwendea, nami nilimsikia akisema, “Yaya, dada yangu, kosa hapana yako. Sikukuambia.” Na Tantine akajibu, “Ungeniambia, ningekufa nayo mu tumbo.” Utulivu uliporudi Kalunguta kwa muda, alirudi kwao, na alipotuaga hakuthubutu kunitazama machoni.

Baba alianza kusukuma chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili, akibeba mizigo ya watu wengine. Bega lililopigwa halikupona vizuri, kwa hiyo alisukuma kwa upande mmoja na kutembea amepinda. Beni kukawa mbali sana, mahali pa wenye injini. Mimi nilimaliza darasa la sita, nikaambiwa ningoje mwaka mmoja ili wadogo zangu nao wasome, na mwaka huo haujaisha mpaka leo. Sisemi hivyo kwa kulaumu. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Kwa muda mrefu nilidhani niliokoa. Watu wa mtaa walinisifu, nami niliona haya, lakini moyoni nilijua nimefanya kitu. Nilipokuwa mkubwa kidogo, siku moja tulikuwa tukimenya viazi, Baba na mimi, mvua inanyesha juu ya mabati. Nikamuuliza kama kweli siku ile hakujua kwamba maji yameingia. Alimenya kiazi kizima kabla ya kujibu.

“Nilijua.”

“Na hukusema?”

“Nilifikiri atachoka. Nilifikiri atasimama atafute ingine.” Akachukua kiazi kingine. “Na ile chai niliona ni mingi.”

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Baba alikuwa ameweka maisha yake kwenye kifuniko cha chupa ili sisi tubaki na piki, na alipotikisa kichwa alikuwa akiniambia ninyamaze. Nikamuuliza, “Kama ningenyamaza?”

“Tungekuwa na piki,” alisema. Akasikiliza mvua. “Ao hapana.”

Sasa mimi ni kijana, na Butembo imejaa pikipiki kuliko watu. Vijana wanaziosha kando ya barabara kwa pampu inayorusha maji kama risasi, moja kwa moja kwenye injini iliyo moto bado, wanapiga muziki, wanafunga riboni kwenye vioo. Zinang'aa zote, na hakuna anayezificha. Nikipita ninataka kuwaambia wazibe ekzosi, wasubiri ipoe, lakini naona haya, napita. Wadogo zangu wananiambia vita ya kwetu ilikwisha, ingawa upande wa Beni watu bado wanalala na nguo za kukimbilia. Kwangu haijakwisha kwa jambo moja: pikipiki ikizima karibu na mlango wetu, ninabana pumzi na kungoja nisikie itazungumza sauti ya nani. Mara nyingi ni jirani. Baba yuko chumba cha pili ninapoandika haya, amelala kwa lile bega lake zima, anakoroma, na wakati mwingine nasimamisha kalamu nimsikilize. Siku nyingine nafikiri alinunuliwa ghali. Siku nyingine nafikiri tulimpata bure.

Nawaomba mniandikie, ninyi mliokuwa watoto wakati ule, Kayna, Lubero, Beni, popote mlipokuwa. Kama mlipoteza kitu mkabaki na mtu, nielezeni mliishi naye vipi baadaye, na kama mliwahi kuzungumza. Na wewe uliyebaki na kitu bila mtu, niandikie vilevile. Sijui nitakujibu nini, lakini nitakujibu.